Bakaa Isiyokuwapo

Wasomaji mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka kwamba niliwaacha mbele ya dawati la mapokezi la meli ya kitalii. Nilikuwa nikinunua kifurushi cha intaneti, na kadi yangu ya benki ilikuwa imekataliwa. Kwa wale mnaokutana nami leo, nitaeleza kwa ufupi, maana masaibu yangu hayahitaji utangulizi mrefu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mama yangu amestaafu baada ya kushona mashuka na sare za hospitali, katika karakana moja, tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye niliyemshawishi apumzike melini kabla ya kuanza shughuli yake mpya. Mimi ndiye niliyepanga bajeti. Na mimi ndiye niliyemtangazia yeye na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, kwamba tukishalipa nauli tumelipa kila kitu.

Nauli ilikuwa imelipwa. Kila kitu hakikuwa kimelipwa.

Intaneti ile niliitaka kwa sababu moja. Fedha ambazo Mama alizitenga kununulia cherehani za kiwanda kilichofungwa zilikuwa katika akaunti yangu ya benki. Tulipokuwa bandari iliyopita, muuzaji alituma ujumbe: fedha zifike kesho kabla ya adhuhuri, la sivyo cherehani anamwuzia mwingine. Kati yangu na muuzaji huyo kulikuwa na bahari tupu, na bila intaneti sikuwa na namna ya kuivuka.

"Dada, kadi haina salio la kutosha," karani wa mapokezi alirudia, kwa sauti laini kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Haiwezekani. Akaunti hii ina fedha nyingi kuliko nauli yetu sote."

"Zimo. Ila tumezishikilia."

"Mmezishikilia? Nani aliwapa ruhusa?"

"Wewe, dada. Siku mlipopanda ulitoa kadi hii iwe dhamana ya chumba. Kila mnachosaini humu ndani, tunaiomba benki izuie kiasi hichohicho. Mkishuka tunakata kilicho chetu, kinachozidi benki inakiachia."

"Inakiachia lini?"

"Inategemea na benki. Nyingine siku chache, nyingine hata wiki zinapita."

"Mimi nakihitaji leo."

"Kila anayesimama hapo huwa anakihitaji leo," alisema, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe.

Akaigeuza kompyuta yake nikaona.

Kulikuwa na bakshishi, iliyohesabiwa kwa kila kichwa kila siku, umwite mhudumu au usimwite. Mimi nilikuwa nimemwambia Mama kwamba taulo zinazokunjwa kwa umbo la ndege juu ya kitanda chetu ni ukarimu tu wa mhudumu wa chumba.

Kulikuwa na zahanati ya meli. Mama alitegua kifundo cha mguu kwenye ngazi, akafungwa bendeji na kupewa vidonge. Bima ya safari niliifuta katika bajeti kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini kwamba bima ni mtego wa kuwatoza waoga.

Kulikuwa na saluni. Saluni?

Na chini kabisa kulikuwa na kiasi kilichovizidi vyote hivyo vikiwekwa pamoja. Mbele yake paliandikwa maneno matatu tu: dawati la safari.

"Hiki ni kitu gani?"

"Hicho ni cha dawati la safari, sitaha ya juu. Sisi hapa tunaona jumla tu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Dawati la safari ndilo linalouza matembezi ya nchi kavu, na katika chumba chetu mpenda matembezi ni mmoja. Shangazi!

"Lakini anasaini vipi wakati kadi ni yangu?"

"Siku ya kwanza niliuliza kama kadi za wenzako zifungue mlango tu au zinunue pia. Ulisema zinunue."

Ni kweli nilisema. Tena nilisema kwa kichwa kilichoinuka, mbele ya msururu wa abiria, kwamba katika familia yetu hakuna mkubwa wa mfuko. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa somo la ushirika, na moyo wangu ulikuwa umejaa usawa.

Karani aliinama mbele kidogo. "Kuna jambo moja linaloweza kukupunguzia. Bakshishi si lazima. Ukiomba iondolewe, tunaiondoa. Wapo wanaoomba. Unasaini hapa."

Wasomaji wangu, mimi nimewahi kukaa chini ya jua pamoja na wafagiaji wa chuo chetu tukidai walipwe stahili zao. Nimewahi kushika kipaza sauti. Na siku ile nilishika kalamu ya karani yule, nikaipeleka hadi kwenye karatasi.

"Dada, mama anaendeleaje na mguu?"

Alikuwa mhudumu wa chumba chetu, akipita na mzigo wa taulo uliomfika kidevuni.

"Anaendelea vizuri," nilijibu.

"Mwambie leo nimemkunjia tembo. Jana alisema ndege wamemchosha."

Nikairudisha kalamu mahali pake. Msinipongeze. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, na kiasi kile hakikufikia hata robo ya shida yangu.

*

Shangazi nilimkuta kando ya bwawa la kuogelea, chini ya mwavuli, amezungukwa na abiria wanawake aliokuwa akiwakagua vichwa mmoja baada ya mwingine. Nyumbani ana saluni ya nywele, na kichwa chochote kilicho mbele yake ni mali ya umma.

"Waziri wa Fedha huyo!" alipaza sauti. "Mpisheni. Akinuna hivyo ujue kodi imepanda."

"Shangazi, naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni ya wapi? Humu kila pembeni ni maji. Sema."

Wanawake wale walicheka, kisha walipoona mimi sicheki wakasogea wenyewe.

"Umekwenda saluni ya meli?"

"Nimekwenda kuwasalimu wenzangu wa kazi. Fundi mwenzao nipite mlangoni nisiingie, wangejisikiaje? Nikawaonyesha namna ya kusuka bila kuzing'oa nywele za mbele. Yule msichana alifurahi jamani! Akanipaka mafuta, akanikanda mabega, akanifungia mfuko mzima wa chupa. Zawadi."

"Ulisaini kitu?"

"Nilisaini kitabu chao cha wageni."

"Kitabu cha wageni kinaombwa kadi?"

Shangazi alinitazama, kisha akautazama mfuko wake, kisha akanitazama tena.

"Kadi aliichukua akaipitisha kwenye kidude. Nikajua anataka kulinakili jina langu lisije likakosewa."

"Chupa zile zina bei, Shangazi."

"Fundi kwa fundi? Hatufanyi hivyo sisi! Kwangu akija fundi wa saluni nyingine anaondoka na soda na kopo la mafuta, na nikimtoza nitasemwa mtaa mzima."

"Hapa si mtaani."

"Nimeligundua hilo sasa hivi, tena kwa kichomi."

"Basi tuzirudishe."

"Turudishe nini? Chupa mbili zimeishia kwenye mguu wa mama yako. Na uvimbe umeshuka kuliko kwa kile kitambaa cha zahanati. Au kitambaa nacho kina bei?"

"Kina bei."

"Kitambaa kile?"

"Kitambaa kile."

Shangazi aliketi vizuri kwenye kiti chake, akakunja miguu kana kwamba hata sakafu imeanza kutozwa. "Kwa hiyo tumefika wapi, Waziri?"

Nikamweleza nusu. Nikamwambia kwamba fedha zimeshikiliwa, na kwamba zahanati na saluni zingebebeka, lakini matembezi yake ya nchi kavu yametuvunja mgongo.

"Matembezi yapi?"

"Uliyoyanunua kwenye dawati la safari."

Hapo uso wake ulibadilika. Shangazi hana uso wa kuficha jambo. Nyusi zilipanda, mdomo ukafunguka, na mkono ukakimbilia mdomoni kuufunga.

"Hayo si yangu," alisema kupitia vidoleni.

"Basi ni ya nani?"

"Usinibane. Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Wifi."

Shangazi ana wifi mmoja tu duniani, naye ni mama yangu.

Nilihisi sitaha ikiinama, ingawa bahari ilikuwa imetulia.

"Twende juu," Shangazi alisema, akinyanyuka na kunishika kiwiko. "Wifi alitaka akwambie wakati wa chakula cha jioni. Lakini uso wako huo, mama, hautafika jioni."

*

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi la dawati la safari, mguu wenye bendeji juu ya kigoda, amevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe kwa ajili ya safari hii. Pembeni yake alisimama yule dada muuza safari ambaye Shangazi amembatiza Bi Punguzo, kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi bila kulitaja.

"Wifi!" Mama alisema alipotuona. "Umeshindwa kunyamaza hata mpaka jioni?"

"Nimebanwa na Serikali," Shangazi alijibu, akininyooshea kidole.

Mama alicheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Alipiga kochi kwa kiganja, nikaketi pale alipopiga.

"Mwanangu," alianza, "ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala juu ya rundo la mashuka karakanani, kwa sababu sikuwa na mtu wa kukuachia. Likizo za shule wenzako wakienda kwa bibi zao, wewe ulikuwa unahesabu vifungo. Sikuwahi kukupeleka popote."

"Mama, sikuhitaji kupelekwa."

"Nyamaza, nimelifanyia mazoezi hili. Sasa wewe ndiye umenileta huku. Nikamwambia wifi, haiwezekani mtoto atutoe sisi, na sisi tusimtoe. Mwakani unahitimu. Basi tumekulipia amana. Safari nyingine, sote watatu, baada ya mahafali. Na safari hiyo," alinishika mkono, "chumba kina dirisha."

Shangazi alipiga kigelegele. Bi Punguzo alipiga makofi. Abiria waliokuwa wakipita wakapiga makofi pia, bila kujua wanapigia nini.

"Anayeweka amana akiwa bado melini anapata punguzo," Bi Punguzo alinieleza, "na wakiwa watatu wanapata punguzo juu ya punguzo."

"Mama," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyokusudia, "fedha mmezitoa wapi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si kwenye bakaa? Wewe si uliniambia tuna bakaa?"

Ndiyo, nilimwambia.

Jioni ya kwanza, mezani, Mama aliangalia bei ya maji ya matunda, akaomba maji ya bomba. Akaanza kuviringisha mkate ndani ya leso ili aule baadaye. Nami, nikiona aibu, na zaidi ya aibu nikimwonea huruma, nilimwinamia nikamwambia: "Kunywa unachotaka, Mama. Nimepanga vizuri, bajeti imebaki. Tuna bakaa nzuri." Alilipenda lile neno. Kesho yake nilimsikia akiwaambia majirani wa meza ya pili kwamba binti yake ana bakaa, kama mtu anavyosema binti yake ana kipaji.

"Umefurahi?" Mama aliuliza.

Macho yake yalikuwa yakinisubiri. Kama kulikuwa na jibu lingine katika lugha hii ninayoipenda, sikulipata.

"Nimefurahi, Mama. Asante. Asante sana."

Nikamkumbatia, nikatazama juu ya bega lake ukuta uliojaa picha za meli.

Shangazi alipomsaidia Mama kwenda kubadilisha viatu, mimi nilibaki na Bi Punguzo.

"Amana hii inaweza kufutwa?"

"Inaweza. Mwenye akaunti ni wewe, inatosha sahihi yako."

"Na Mama?"

"Si lazima ajue sasa. Ataletewa ujumbe wa kawaida mkisharudi nyumbani." Alikuwa ameshazoea, niliona. Sikuwa wa kwanza.

"Na fedha zinarudi leo?"

"Zinarudi kwenye hesabu ya chumba leo. Benki inaziachia baadaye, mkishashuka."

"Kwa hiyo leo sipati chochote."

"Leo hapana. Lakini mkiongeza mtu wa nne kuna punguzo ambalo..."

Niliondoka kabla hajalimaliza. Nilikuwa tayari kumsaliti mama yangu, na hata usaliti wenyewe ulikuwa umechelewa.

*

Chumba chetu ni cha ndani kabisa ya meli. Nilikichagua kwa kuwa ndicho cha bei ya chini, na nilimwambia Mama kwamba vyumba vyenye madirisha vina baridi. Ukizima taa hujui kama ni mchana. Ukinyoosha mikono unagusa kitanda upande huu na kabati upande ule. Juu ya shuka, tembo wa taulo alikuwa ameketi na miwani ya Mama usoni.

Shangazi alikuwa bafuni. Mama alikuwa akikagua pindo la shuka kwa kidole, kama anavyokagua pindo la kitu chochote.

"Mshono wa kuchovya huu," alisema. "Ukifuliwa mara chache unaachia."

"Mama, hakuna bakaa."

"Imekwisha?"

"Haikuwapo."

Kidole chake kilisimama juu ya pindo.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nauli ilichukua kila tulichokuwa nacho. Nilikwambia vile ili ule, ili unywe, ili usiviringishe mkate kwenye leso."

Bafuni maji yalikuwa yakimwagika na Shangazi akiimba.

"Yale maji ya matunda," Mama alisema hatimaye, "nilikuwa nayanywa kwa raha sana."

"Najua, Mama."

"Nilikuwa najisemea, nimezaa mtu mwenye mpango."

Ningependelea anipige.

"Basi," aliendelea, akijikusanya kama alivyojikusanya maisha yake yote, "kilichonywewa kimenywewa. Hiyo safari ya mwakani futa, dirisha nitalionea nyumbani. Deni la hapa lipa kwa zile za cherehani. Nitanunua chache, nyingine zitafuata."

"Mama, ndizo zilizoshikiliwa."

"Zipi?"

"Za cherehani. Ndizo zilizokuwa dhamana. Meli imezizuia, na hata tukifuta kila kitu leo benki haiziachii leo. Muuzaji anazitaka kesho."

"Zimezuiwa ngapi?"

"Zote."

Shangazi aliacha kuimba. Kuta zile ni nyembamba.

Mama alivua miwani kutoka kwa tembo, akaivaa, akanitazama vizuri, kana kwamba hadi hapo alikuwa akizungumza na mtu mwingine.

"Mwanangu, zile fedha si zangu."

Nilidhani uchungu umemchanganya. "Ni mafao yako, Mama."

"Mafao yangu ni kipande. Kingine ni cha Mama Mkasi, aliyekuwa anakata vitambaa meza ya mbele. Kingine ni cha yule wa vifungo aliyekuwa anakuachia uhesabu. Na kingine ni cha mzee wa pasi. Tulistaafu pamoja, tukasema tushone pamoja. Tulipokuwa tunatafuta mahali pa kuzihifadhi wakaniambia, mpe binti yako, yule amesoma, kwake haziwezi kupotea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kutuandikia katiba."

Hakucheka aliposema hivyo, wala mimi.

"Na tena," aliongeza kwa sauti ya chini, "nilitaka siku cherehani zikiwashwa, niwaambie kwamba aliyezitunza ni wewe. Nilitaka wakusifu mbele yangu."

Mlango wa bafuni ulifunguka. Shangazi alitoka na taulo kichwani, macho mekundu, ameshika mfuko wa chupa za mafuta.

"Wifi," alisema, "mimi hizi nitaziuza kwa wale wa bwawani. Nitaanza sasa hivi."

"Kaa chini, wifi," Mama alimjibu. "Mwanangu, nipe viatu."

*

Alitembea ujia mzima akichechemea, hakukubali bega langu. Kila mlango tulioupita ulifanana na mlango wetu.

Karani wa mapokezi alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba kupiga simu nyumbani."

"Simu za abiria zinalipiwa kwa kadi, mama." Akanitazama mimi, akaitazama kompyuta yake, akautazama mguu wa Mama. Kisha akainua simu iliyokuwa upande wake wa dawati na kuisogeza kwetu. "Hii ni ya ofisi. Fanyeni kifupi."

Mama alibonyeza namba aliyokuwa nayo kichwani, bila kuangalia popote. Kisha akaninyooshea simu.

"Mimi ndiye nizungumze?"

"Wewe. Mimi nikizungumza nitawaonea huruma, nitawadanganya ili wasiumie. Sasa nimeona yanavyokwenda hayo. Waambie ukweli wote, wajue leo, watafute njia kabla ya kesho."

Simu iliita. Nilipanga sentensi yangu kama ninavyopanga insha: kwanza kosa, kisha sababu, kisha kiasi, kisha msamaha. Nilikuwa nimefika kwenye sababu simu ilipopokelewa.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Mkasi, akipiga kelele kuzidi kelele nyingine nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, naongea kutoka melini."

"Marahaba! Jamani, ni mtoto wetu! Punguzeni hapo, ni mtoto wetu yuko baharini! Unanisikia? Hapa hapasikiki kitu!"

"Nakusikia. Mama, nina jambo la..."

"Unazisikia?"

"Nini?"

"Cherehani! Si ndizo hizo zinazonguruma! Yule muuzaji leo alipata gari linalorudi tupu, akasema mkizichukua sasa hivi nawapunguzia usafiri. Tungengoja kesho tungelipia gari jingine. Basi tumezichukua, tumezifunga, mzee wa pasi ndiye amewasha umeme. Mwenzako wa vifungo analia tu hapa, hata uzi hajatunga!"

"Lakini hajalipwa," nilisema. "Amewaachiaje?"

"Nimemwachia hati ya nyumba yangu."

Nilishika ukingo wa dawati.

"Nimemwambia, kaa nayo mpaka kesho adhuhuri, ikifika saa hiyo hujaona fedha nyumba ni yako. Akaniuliza, una uhakika? Nikamwambia, mtunza fedha wetu yuko chuo kikuu, unadhani anacheza? Haya, mpe mama yako simu. Nimeisogeza kwenye cherehani yake, ile ya dirishani, tumemwekea. Mpe asikie."

Mngurumo ulijaa sikioni mwangu, wa haraka, ulionyooka, kama kitambaa kinachopita bila kukwama.

"Wanasemaje?" Mama aliuliza. "Umeshawaambia?"

Alikuwa amenyoosha mkono apokee simu. Mkononi mwangu cherehani yake ilikuwa inaendelea kushona.